Cheti Hakioti, Huota Mbegu

Kila mwaka, wiki mbili tatu baada ya mvua za mwanzo za masika, mzozo ule ule huzuka katika makonde yetu, Unguja na Pemba. Mkulima husimama pembezoni mwa konde lake akionesha mistari yenye mapengo: hapa mche mmoja, pale hakuna kitu, na kule vichipukizi vya manjano visivyo na dalili ya kuishi. Bwana shamba au bibi shamba naye husimama upande wa pili akiwa na karatasi mkononi, nayo yasema kwamba mbegu hizo zilipimwa zikaonekana kuota kwa asilimia 85 au 90. Mkulima huona amedanganywa. Ofisa huona mkulima amezembea, ama amefukia mbegu chini mno, ama amechelewa kupanda. Mwisho wa maneno kila mmoja hurudi kwake na kinyongo chake, na konde hubaki na mapengo yake.

Sisi twaamini kwamba aghalabu wote wawili husema kweli. Karatasi haikudanganya, na ardhi haikudanganya. Linalokosekana ni kufahamiana juu ya jambo ambalo wataalamu wa mbegu wamelijua kwa zaidi ya miaka 100, nalo ni kwamba kuota katika maabara ni jambo moja, na kuchomoza kondeni ni jambo jingine. Tunalileta jambo hili leo kwa sababu gharama ya kutolifahamu hulipwa na mkulima mdogo, ambaye masika yakimpita hana masika mengine ya akiba.

Upimaji wa mbegu ulianza kwa kupambana na udanganyifu. Mwaka 1869, huko Tharandt katika jimbo la Saxony, Ujerumani, mtaalamu aitwaye Friedrich Nobbe alifungua kituo cha kwanza cha kupima mbegu, baada ya kuona kwamba mbegu za majani ya malisho zilizokuwa zikiuzwa zimechanganywa na mbegu nyingine na takataka. Vituo kama hicho vikaenea, na mwaka 1924 Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Mbegu likaundwa Cambridge, Uingereza, ili kipimo kilichofanywa katika nchi moja kitoe jibu lile lile katika nchi nyingine.

Ili jibu liwe lile lile kila mahali, ilibidi mazingira ya kipimo nayo yawe yale yale kila mahali. Mpimaji huchukua mbegu safi 400, huzigawa mafungu, huzilaza katika karatasi yenye unyevu wa kadiri au katika mchanga safi, huziweka katika joto lililodhibitiwa, mathalani nyuzi 25 kwa mahindi, kisha huhesabu miche mizima isiyo na kasoro. Mahindi hupewa siku 7, mpunga siku 14. Humo hamna mvua ya kupiga wala jua la kuchoma. Hamna tope, mchwa wala kunguru. Mbegu hutendewa kama mgeni wa heshima. Asilimia inayopatikana huonesha upeo wa uwezo wa mbegu hizo pale zinapopewa kila zinachokitaka.

Kipimo hicho ni cha haki, na hatuna budi kuendelea nacho. Mbegu iliyoshindwa kuota katika raha haitaota katika taabu. Lakini haifuati kwamba mbegu iliyoota katika raha itaota katika taabu vilevile. Kondeni mbegu hukutana na mvua kubwa ya siku tatu inayoujaza udongo maji na kuifukuza hewa. Baada ya mvua hutoka jua, na juu ya udongo hujifanya gamba gumu ambalo chipukizi hana budi kulipasua. Chini ya gamba hilo mna kuvu wanaosubiri mbegu iliyolegea. Katika udongo mzito wa mabonde ya mpunga taabu ni ya namna moja. Katika maweni ya Makunduchi na Micheweni, ambako udongo ni kiasi cha kujaza mwanya baina ya jiwe na jiwe, taabu ni ya namna nyingine. Maabara haikuziona taabu zote mbili.

Kwa hiyo wataalamu hutofautisha uhai wa mbegu na nguvu ya mbegu. Mgonjwa aliyelala kitandani na mchukuzi wa bandarini wote ni watu hai. Ukihesabu walio hai utapata wawili. Ukimtafuta wa kubeba polo la mchele utapata mmoja. Mafungu mawili ya mbegu yaweza kuwa na asilimia moja ya kuota katika maabara, kisha moja likajaza konde na jingine likaacha nusu ya ardhi tupu.

Habari hii si ngeni. Nobbe mwenyewe alikwisha kuandika juu ya nguvu ya mbegu mwaka 1876. Mwaka 1911 Wajerumani wengine wawili, Hiltner na Ihssen, walizifukia mbegu za nafaka chini ya tabaka la matofali yaliyopondwa ili kuona ni miche ipi itakayoweza kupenya. Ile iliyokuwa na ugonjwa ilishindwa. Mwaka 1950, katika mkutano wa Shirika la Kimataifa uliofanyika Washington, W. J. Franck alieleza kwamba maabara za Ulaya zilipima katika hali njema kabisa ili majibu yalingane, ilhali za Marekani zilipenda kupima katika udongo ili kukisia yatakayotokea shambani. Akashauri mambo hayo mawili yapewe majina mawili. Mwaka 1977 Shirika hilo likakubaliana rasmi juu ya maana ya nguvu ya mbegu.

Baina ya tarehe hizo mbili, huko Uingereza katika miaka ya 1960, watafiti Matthews na Bradnock walishughulikia mbegu za njegere zilizokuwa zikiota vyema maabarani na kuoza mashambani. Waliziroweka katika maji na kuyapima maji yale. Mbegu dhaifu zilivuja chumvi na sukari kwa wingi, kwa kuwa ngozi za chembe zake zilikuwa zimechakaa. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi, na hivyo kadiri umeme ulivyopita kwa wepesi ndivyo mbegu ilivyokuwa mbovu. Sukari nayo, udongoni, ni karamu ya kuvu. Kipimo hicho cha maji na umeme huchukua siku moja, na sasa kimo katika kanuni za kimataifa.

Kipo kingine ambacho sisi watu wa Visiwani twapaswa kukitazama kwa makini. Mbegu za soya huwekwa katika kisanduku chenye joto la nyuzi 41 na hewa iliyojaa unyevu, zikakaa humo saa 72, kisha zikapimwa kuota. Zilizo na nguvu hustahimili. Zilizo dhaifu hufa. Kusudi ni kuziharakishia uzee ili ionekane zitakavyokuwa baada ya kukaa ghalani. Kisanduku hicho wenzetu hukitengeneza kwa umeme na vyuma. Sisi twaishi ndani ya ndugu yake. Katika visiwa vyetu unyevu wa hewa aghalabu huzunguka asilimia 80, na ghala la bati lisilo na matundu ya hewa, mwezi wa Februari, halihitaji kuelezwa kwa mtu aliyewahi kuingia humo.

Mtaalamu wa California, J. F. Harrington, aliacha kanuni mbili nyepesi ambazo kila mtunza ghala angezijua kwa moyo. Ya kwanza, unyevu ulio ndani ya mbegu ukiongezeka kwa asilimia 1, umri wa mbegu hupungua kwa nusu. Ya pili, joto la ghala likiongezeka kwa nyuzi 5, umri wa mbegu hupungua kwa nusu tena. Kanuni hizi ni za kukadiria, si za kuapia, na zina mipaka yake. Lakini tuzitumie tuone. Mbegu yenye unyevu wa asilimia 12 katika ghala la nyuzi 20 ikihamishiwa katika ghala la nyuzi 30, kisha ikanyonya unyevu hadi asilimia 14, umri wake hugawanywa kwa 16. Kilichopaswa kudumu miezi 16 huchakaa kwa kadiri ile ile katika mwezi 1.

Hapa ndipo cheti kinapotuponyoka. Mbegu hupimwa bara au ng'ambo, katika mahali pakavu, mara baada ya kusafishwa. Kisha husafiri, huvuka bahari, huteremshwa, hukaa ghalani, hugawiwa shehia kwa shehia, na mwishowe hukaa chini ya kitanda cha mkulima hadi mvua itakaponyesha. Safari yote hiyo cheti hubaki na tarakimu ile ile. Karatasi haizeeki, mbegu huzeeka. Tena kuzeeka kwa mbegu hakuendi kwa hatua sawa. Ellis na Roberts wa Chuo Kikuu cha Reading walionesha mwaka 1980 jinsi uwezo wa kuota unavyoshuka taratibu sana mwanzoni, kisha ukaporomoka. Fungu lenye asilimia 85 leo laweza kuwa limesimama ukingoni mwa mteremko, na fungu jingine lenye asilimia hiyo hiyo likawa bado lina safari ndefu.

Hebu tutazame hasara kwa hesabu. Ekari moja ya mahindi yaliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, huhitaji miche kama 18,000. Ikiwa mbegu 85 katika kila 100 zitachomoza, mkulima atahitaji punje kama 21,200. Ikiwa zitachomoza 50 tu, atahitaji punje 36,000. Kwa mbegu ambayo punje 1,000 zina uzito wa gramu 300, hiyo ni tofauti baina ya kilo 6 na nusu hivi na kilo karibu 11. Mkulima aliyepewa kilo zake 6 na nusu, akazipanda kwa kuiamini karatasi, atapata miche kama 10,800 na si 18,000. Trekta limelipiwa, palizi ni ile ile, mbolea ni ile ile, lakini sehemu mbili katika kila tano za konde lake hazina kitu. Na akirudia kujaza mapengo, miche ya pili huchelewa, ikafunikwa na ile ya kwanza, na kunguru huigeuza kuwa futari yao.

Tusiisemee maabara yasiyo yake, wala tusiitwike mzigo wa utabiri usiobebeka. Hakuna kipimo kitakachomwambia mkulima kwamba kwa yakini mche kadhaa utachomoza, kwani hakuna maabara inayoijua mvua ya Aprili. Hata kipimo cha kuota chaweza kukosea kwa upande mwingine: mpunga uliovunwa karibuni huwa katika usingizi, ukapimwa ukaonekana haufai, na baada ya muda ukaota wote. Lakini wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kipimo cha nguvu hakitoi ahadi. Hupanga mafungu kwa daraja. Hueleza fungu lipi lipelekwe katika ardhi ngumu, lipi lipandwe mwaka huu huu bila ya kuwekwa, lipi liongezewe kiasi kwa kila ekari, na lipi lisitoke ghalani kamwe. Kwa mkulima na kwa hazina ya Serikali, hiyo ni faida kubwa.

Kwa hivyo tungependa kuikumbusha Wizara inayohusika na kilimo mambo matano. Kama baadhi yake yanafanyika tayari, basi yasifanyike kimya kimya, wananchi waelezwe.

Kwanza, mbegu zote za kugawiwa au kuuzwa zipimwe tena hapa hapa Visiwani, baada ya kukaa ghalani, na kabla ya kutoka kwenda kwa wakulima. Kipimo cha Oktoba si hoja mwezi wa Machi.

Pili, pamoja na kipimo cha kuota pawe na kipimo cha nguvu kinacholingana na zao. Si lazima kianze kwa mashine za thamani. Sinia la udongo uliochukuliwa kondeni ni kipimo, na maji ya kuroweka mbegu ni kipimo. Kizimbani, ambako utafiti wa kilimo umefanywa tangu zama za ukoloni, ni mahali panapofaa kuongoza kazi hiyo, na Pemba nayo isiachwe ikisubiri majibu yaletwe kwa boti.

Tatu, tarehe ya kipimo cha mwisho na asilimia yake viandikwe juu ya kila mfuko kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka. Mkulima ana haki ya kujua umri wa anachokinunua.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, maofisa watoke wakahesabu miche kondeni. Wiki mbili baada ya kupanda, katika makonde machache ya kila shehia, pahesabiwe mashimo 100 na kuandikwa yaliyochomoza, aina ya udongo, tarehe ya kupanda na hali ya mvua. Tarakimu hizo ziwekwe kando ya tarakimu za maabara, mwaka baada ya mwaka. Njegere za Uingereza na soya za Marekani zimepata vipimo vinavyoaminika kwa sababu watu walitoka nje wakahesabu, wakalinganisha. Bila ya hesabu ya kondeni, maabara yetu haitabiri kitu. Hujisemea peke yake. Kipimo gani kinatufaa kwa kunde za maweni na kipi kwa mpunga wa bondeni, hilo hakuna kitabu cha ng'ambo kitakachotujibu.

Tano, ghala la mbegu litengwe na ghala la vitu vingine. Mbegu zikaushwe vyema kisha zifungwe katika vyombo visivyopitisha hewa. Ni bure kununua mbegu bora na kuiweka juu ya sakafu ya saruji inayovuta maji.

Na nyinyi wakulima hamkusamehewa. Mtu hataki kungoja maabara ajue kilichomo ndani ya mfuko wake. Siku 10 au 15 kabla ya kupanda, hesabuni mbegu 200 bila ya kuchagua nzuri. Mia moja zifungwe katika kitambaa chenye unyevu na kuwekwa kivulini. Mia nyingine zipandwe ndani ya sanduku au karai lililotobolewa, kwa udongo wa konde lenu wenyewe, kwa kina kile kile mnachopandia, zikamwagiwe maji kama mvua. Kisha hesabuni. Kitambaani zikiota chache, mbegu imekufa, rudisheni. Kitambaani zikiota 90 na udongoni zikachomoza 50, hapo ndipo penye ugonjwa tunaouzungumza: mbegu ni hai lakini haina nguvu, au udongo ni mgumu kupita kiasi. Jirani akiwa na mbegu anayoiamini, ipandeni hiyo katika sanduku jingine la udongo ule ule, na jawabu litadhihirika. Angalieni pia mwendo wake: zinazochomoza kwa pamoja na mapema ni zenye nguvu, zinazojikokota moja leo, moja keshokutwa, si za kutegemewa. Masanduku hayo muoneshe sheha na bwana shamba kabla ya kupanda. Ushahidi wa sanduku, wiki mbili kabla, una uzito kuliko malalamiko ya konde zima wiki tatu baadaye.

Jambo moja la hadhari: mbegu iliyotiwa dawa, hata ikikataliwa kwa kupanda, haiwi chakula cha watu wala cha kuku. Wahusika wawe na utaratibu wa kuirudisha na kuiteketeza, ili asiwepo mtu atakayeitia chunguni kwa ajili ya njaa.

Hatuandiki haya kumtia aibu ofisa yeyote, wala kumfundisha mkulima aliyezaliwa juu ya jembe. Ofisa huiheshimu karatasi kwa sababu ndiyo aliyopewa. Mkulima huiheshimu ardhi kwa sababu ndiyo inayomlisha. Kazi iliyopo ni kuifanya karatasi ijue habari za ardhi, na njia ya kuifanya ijue ni kwenda kuhesabu. Maabara ikishuka kondeni, na konde likasikilizwa maabarani, ule mzozo wa kila masika utakwisha wenyewe.

Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Sisi walaji, tulioko maofisini na madukani, twadaiwa angalau hili: anapoifukia mbegu ardhini, na iwe mbegu ambayo mtu mwingine ameijaribu kwa uaminifu kabla yake. Masika mengine yaja. Ghala zifunguliwe mapema, masinia ya udongo yatayarishwe, na hesabu ianze.